Kinasa Sauti na Konsonanti Zilizopotea

Nilikwenda Nyangwe, kando ya mto Lualaba, na swali moja. Livingstone alipofika hapo mwaka 1871 aliwakuta wafanyabiashara waliotoka Pwani wamekwisha kufanya makao, na lugha yao ni moja ya mizizi ya Kingwana. Je, wazee wa leo hutamka *th* ya *thamani*, au wote husema *samani*?

Nilichaji kwa sola ndogo, nami niliogopa kadi itajaa. Nikaweka kinasa sauti kwenye kiwango cha chini, vipimo 8,000 kwa sekunde, na kukiamuru kilale mpaka kisikie mtu anasema. Niliporudi, mzee mmoja alisikika akitamka *th* safi. Nikaanza kuandika hitimisho.

Mwalimu wangu aliuliza tu: "Mchoro wa sauti unaishia wapi?" Uliishia hezi 4,000.

Hapo ndipo nilipoelewa. Kinasa sauti hakihifadhi sauti yenyewe. Hupima msukumo wa hewa mara nyingi kwa sekunde na kuandika namba. Mitetemo kinayoweza kuonyesha haizidi nusu ya idadi ya vipimo hivyo. Sehemu kubwa ya nguvu ya *s* iko juu ya hezi 4,000. Ikikatwa, hubaki pumzi hafifu ambayo sikio laweza kuidhania *f* au *th*. Simu za kawaida zilipangiwa kiwango hicho kwa kuwa chatosha watu kuelewana. Kupima vikwamizi ni kazi nyingine.

Kule kulala nako kuna gharama. Chombo huamka sauti ikivuka kizingiti, na mara nyingi irabu ndiyo inayovuka. Konsonanti sighuna iliyotangulia imekwisha kupita.

Sasa tupige hesabu. Kila kipimo huchukua baiti 2. Vipimo 8,000 kwa sekunde ni kama megabaiti 58 kwa saa. Vipimo 48,000 ni kama megabaiti 346. Kadi ya gigabaiti 32 ingebeba zaidi ya saa 90. Niliogopa bure.

Mzee yule amefariki. Hadithi zake ninazo, ila hitimisho nimelifuta, kwani siwezi kujua alitamka nini.

Wenzangu mnaojiandaa kwenda uwandani, anzeni na swali: jibu lenu linategemea sauti gani, nayo inafika hezi ngapi? Kadi na betri zifuate baadaye.