Mitishamba na hedhi: Mweleze daktari unachokunywa

Mwanamke anapokaribia kukoma hedhi, jambo ambalo kwa wengi hutokea kati ya umri wa miaka 45 na 55, joto humpanda ghafla, jasho humtoka usiku na usingizi ukamwishia. Binti yake naye huenda akavimba matiti na kuwa mwepesi wa hasira siku chache kabla ya hedhi. Wote wawili hawakosi shoga wa kuwaambia iko dawa ya mitishamba, tena haina madhara kwa kuwa ni ya asili.

Msomaji mpendwa, hata sumu iliyomo katika muhogo mchungu ni ya asili.

Sisemi mitishamba yote ni bure. Tangawizi imeonekana katika majaribio kadhaa kupunguza maumivu ya tumbo wakati wa hedhi. Soya ina kemikali zinazofanana kidogo na homoni ya estrojeni, ingawa watafiti hawajakubaliana iwapo inatuliza joto la mwili. Kuila kama chakula si neno. Vidonge vyake vyenye kipimo kikubwa ni jambo jingine, hasa kwa aliyewahi kuugua saratani ya matiti.

Hatari kubwa hutokea dawa mbili zinapokutana. Mmea unaouzwa kwa jina la St John's wort, ambao wengi huununua kutuliza moyo, hulifanya ini livunje dawa nyingine upesi kuliko kawaida. Anayetumia tembe za kupanga uzazi aweza kushika mimba. Anayemeza dawa za kupunguza makali ya Ukimwi aweza kuvipa virusi nafasi ya kuzizoea. Anayetumia warfarin aweza kuganda damu. Black cohosh, inayosifiwa kwa kutuliza joto la kukoma hedhi, imehusishwa na madhara ya ini kwa watu wachache. Ukiona macho yamekuwa ya manjano au mkojo umekuwa mweusi, iache na uende hospitali siku hiyo hiyo.

Unga unaouzwa kwenye matatu bila jina wala kipimo, mimi singeugusa. Uliza kama dawa imesajiliwa na Bodi ya Dawa na Sumu. Mjamzito na anayenyonyesha wasijaribu bila ushauri.

Lakini linalonitia wasiwasi zaidi ni damu. Ikiwa hedhi imekoma kwa miezi 12 kisha damu ikatoka, hata tone moja, usichemshe mizizi. Huenda ni jambo dogo, na huenda ni saratani ya mlango wa kizazi au ya kizazi chenyewe, ambayo hutibika vyema ikigunduliwa mapema. Miezi mitatu ya kungoja dawa ifanye kazi ni mingi mno.

Ujapo kliniki, beba pakiti au chupa yenyewe. Hakuna atakayekugombeza. Na ukipangiwa upasuaji, taja kila unachokunywa wiki mbili au zaidi kabla ya siku yenyewe, kwani baadhi ya mitishamba huzidisha kutoka damu.