Ujumbe Ufike: Kazi ya Mawasiliano na Mitandao ya Kompyuta Jeshini

Juni 1915, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, meli zilizobeba askari wa Uingereza ziling'oa nanga Kisumu zikavuka Ziwa Viktoria hadi Bukoba. Askari hao hawakwenda kuuteka mji na kuukalia. Walikifuata kituo cha simu ya upepo kilichojengwa na Wajerumani, ambacho kilipitisha habari zao za vita. Mapigano yalianza tarehe 21, na siku ya tatu mlingoti ulikuwa chini, mitambo imevunjwa, meli zinarudi zilikotoka. Mwanza nako kulikuwa na kituo, na mji huo uliwaponyoka Wajerumani Julai 1916.

Ziwa hilo ndilo linalopokea maji ya mto Simiyu. Kijana wa Bariadi anayeuliza jeshi lina kazi gani na kompyuta anaweza kuanzia hapo nyumbani: zaidi ya miaka 100 iliyopita watu walimwaga damu kando ya ziwa lake kwa sababu ya mlingoti mmoja.

Kijitabu hiki ni cha vijana wa sekondari na vyuo katika wilaya za Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu na Busega, pamoja na wazazi wao. Tangu mkoa wa Simiyu uanzishwe 2012, vijana wake wengi wamekuwa wakiwania nafasi za Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) na za jeshi, na wengi huona gwaride na bunduki tu. Ndani ya Jeshi la Wananchi wa Tanzania, kama ilivyo katika kila jeshi la kisasa, kuna watu ambao vifaa vyao vya kila siku ni redio, waya, antena na kompyuta. Kazi yao hutajwa kwa nadra mitaani, na ndiyo maana inaelezwa hapa kwa kirefu.

Kazi yenyewe

Usukumani watu wanaujua mwano. Mifugo ikiibwa usiku, yowe hupigwa, kijiji cha jirani hulipokea na kulipeleka mbele, mpaka njia ya mwizi inazibwa kabla hajafika mbali. Ni mawasiliano ya kasi yasiyohitaji umeme. Yana upungufu mmoja mkubwa: mwizi naye anayasikia. Askari wa mawasiliano anatafuta kasi ileile ya mwano, lakini ujumbe umfikie anayehusika peke yake, ukiwa haujabadilishwa hata neno.

Hapo ndipo fizikia ya sekondari inapogeuka kazi. Redio ya masafa ya VHF, yaani kati ya megahezi 30 na 300, hupeleka mawimbi yake karibu kwa mstari ulionyooka. Katika mbuga tambarare za Meatu inasikika vizuri kwa umbali wa wastani. Kilima kikikaa katikati, sauti inakatika. Masafa ya HF, kati ya megahezi 3 na 30, yana tabia nyingine. Mawimbi yake yanaweza kupanda angani, kugonga tabaka la hewa lenye chembe za umeme na kurudi ardhini mamia ya kilomita kutoka yalikotoka. Kwa redio ya namna hiyo mtu anaweza kuzungumza kutoka Bariadi hadi Dodoma bila mnara wa simu hata mmoja njiani. Ila tabaka hilo hubadilika kufuata jua. Masafa yaliyosikika vizuri saa sita mchana yanaweza kufa kabisa saa sita usiku, na fundi asiyelijua hilo atailaumu redio isiyo na kosa.

Askari wa mawasiliano anapanga masafa ya mchana na ya usiku. Anasimika antena na kuielekeza. Anachunga betri, sola na jenereta, maana redio ya mamilioni ikikosa chaji haina thamani. Anaandika kila ujumbe uliopita: saa, aliyetuma, aliyepokea. Anatunza funguo za kusimba ujumbe na kuzibadilisha kwa wakati.

Upande wa kompyuta kazi ni hiyohiyo kwa vifaa vingine. Msimamizi wa mtandao hugawa anwani kwa kila kompyuta, huunganisha ruta na swichi, huangalia seva, huvuta nyaya za fiba na kuelekeza madishi ya setilaiti. Huamua nani aone nini, na huondoa ruhusa ya mtu siku anayohama kituo, si mwezi mmoja baadaye. Hutunza nakala za taarifa mahali pengine. Husoma kumbukumbu za mfumo kila asubuhi akitafuta jambo lisilo la kawaida: mtu aliyeingia saa nane za usiku, au nywila iliyojaribiwa mara nyingi mfululizo. Sehemu kubwa ya zamu hupita bila tukio, na hapo uvumilivu wa mtu hupimwa.

Njia moja haitoshi

Tarehe 12 Mei 2024 Watanzania wengi walijikuta hawana intaneti, au wanayo inayokwenda kwa kusuasua. Mikongo ya baharini ya EASSy na SEACOM ilikuwa imepata hitilafu karibu na pwani ya Afrika Kusini. Kwa mfanyabiashara ilikuwa hasara. Kwa jeshi, hali kama hiyo ikitokea wakati wa hatari lazima iwe imekwisha kufikiriwa: fiba ikikatika kuna setilaiti, setilaiti ikizibwa kuna redio ya HF, redio ikishindikana kuna mjumbe wa pikipiki au wa miguu. Mpango huo huandikwa na kufanyiwa mazoezi wakati wa amani.

Vita vya Kagera vinaonyesha kwa nini. Usiku wa kuamkia 11 Machi 1979, karibu na Lukaya nchini Uganda, Brigedi ya 201 ya Tanzania ilipigwa makombora na kutawanyika gizani. Brigedi ya 208, iliyokuwa kilomita nyingi kaskazini-magharibi, iliagizwa kuzunguka na kutokea kwenye barabara ya Kampala nyuma ya adui. Asubuhi mashambulizi yakaja kutoka pande mbili, na Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili. Makamanda husifiwa kwa hesabu ya namna hiyo, na wanastahili. Lakini agizo lisilofika usiku uleule lingebaki wazo zuri kichwani mwa aliyelitoa.

Mtandao wenyewe nao umekuwa uwanja wa vita. Alfajiri ya 24 Februari 2022, Urusi ilipokuwa inaanza kuivamia Ukraine, makumi ya maelfu ya modemu za setilaiti za kampuni ya Viasat ziliacha kufanya kazi. Wadukuzi walipenya kupitia mlango wa kuingilia kwa mbali uliokuwa umepangwa vibaya, wakafika kwenye mfumo wa usimamizi, wakatuma amri iliyofuta kumbukumbu za modemu hizo. Madhara yalivuka mipaka: nchini Ujerumani, mitambo ya umeme wa upepo ipatayo 5,800 ikawa haiwezi kusimamiwa kwa mbali. Kijana anayesomea mitandao alikumbuke tukio hili kila anapoambiwa kwamba kupanga ruhusa ni kazi ndogo ya makarani.

Na kuna uzembe wa simu ya mfukoni. Januari 2018 dunia ilishtuka kugundua kwamba ramani ya programu ya mazoezi iitwayo Strava ilikuwa imechora njia walizokimbilia askari ndani ya kambi zao, zikiwemo za Syria na Afghanistan. Hakuna jasusi aliyehitajika. Hili linawahusu hata wazazi: mwanao akipangiwa kazi mahali, picha yake akiwa na vifaa na jina la kituo chake si vya kusambazwa kwenye kundi la WhatsApp la ukoo.

Nje ya mipaka

Mwaka 2013 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio namba 2098, na Tanzania, Afrika Kusini na Malawi zikapeleka askari katika brigedi maalumu mashariki mwa Kongo. Kamanda wake wa kwanza alikuwa Mtanzania, Brigedia Jenerali James Mwakibolwa. Majeshi matatu yana redio zake, taratibu zake na lafudhi zake, na yote yanapaswa kusikilizana. Mtu wa mawasiliano ndiye anayeyaunganisha. Kiswahili humfaa sana anapoongea na wananchi wa eneo hilo, lakini shughuli za Umoja wa Mataifa zinadai Kiingereza kizuri, na hapo vijana wengi wa kwetu wanapaswa kuongeza bidii mapema.

Entebbe, Uganda, Umoja wa Mataifa ulianzisha mwaka 2015 chuo cha kufundisha askari wa mawasiliano wa ujumbe wa amani. Chuo hicho kina kozi zilizowekwa mahsusi kwa wanajeshi wanawake. Binti wa Simiyu aliye mzuri kwenye hisabati na fizikia asikubali kuambiwa kwamba mambo ya antena ni ya kaka zake. Na mzazi anayefikiria kumwozesha kabla hajamaliza shule anamfungia binti huyo mlango mwingine juu ya ile anayoijua tayari.

Hatari nayo isifichwe. Tarehe 7 Desemba 2017 kambi ya walinda amani wa Tanzania huko Semuliki, mashariki mwa Kongo, ilishambuliwa, na nchi ikapoteza askari zaidi ya 10. Mtu wa mawasiliano hukaa na wenzake palepale. Anayejiunga, na anayembariki kujiunga, wajue hivyo.

Njia ya kuifikia

Hakuna anayeingia jeshini akiwa msimamizi wa mtandao siku ya kwanza. Kila mmoja huanza na mafunzo ya awali ya kijeshi. Fani hufuata, kulingana na elimu yake na mahitaji ya jeshi. Wanaoteuliwa kuwa maofisa hupitia Chuo cha Mafunzo ya Kijeshi Monduli na kuvishwa cheo cha Luteni Usu. Kijana anayependa kompyuta lakini hapendi kuamriwa, kuamshwa usiku na kupangiwa mahali pa kuishi afikirie vizuri: ujuzi wake utathaminiwa zaidi nje ya jeshi, na hakuna aibu katika hilo.

Msingi unajengwa darasani. Hisabati, fizikia na Kiingereza kwa kidato cha nne. Michepuo kama PCM na PGM kwa anayeendelea na kidato cha sita. Baada ya hapo kuna VETA kwa ufundi wa umeme na elektroniki, Taasisi ya Teknolojia ya Dar es Salaam, Chuo cha Ufundi Arusha, Chuo Kikuu cha Dodoma na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwa kompyuta na mawasiliano. Kabla ya kulipa ada popote, mzazi ahakikishe kozi ya cheti au stashahada inatambuliwa na NACTVET, na ya shahada na TCU.

Wahitimu wa kidato cha sita huitwa JKT kwa mujibu wa sheria, utaratibu uliosimamishwa 1994 na kurejeshwa 2013. Wengine hujiunga kwa kujitolea, kwa mkataba wa miaka miwili. Vyombo vya ulinzi na usalama huchukua vijana wengi kutoka JKT, ila kumaliza JKT hakumpi mtu haki ya kuajiriwa. Ndiyo maana ujuzi wa mkononi ni muhimu: aliyejifunza fiba, ruta na ulinzi wa mifumo anaweza kufanya kazi TTCL, kwenye kampuni za simu, TANESCO, benki, au kitengo cha TEHAMA cha halmashauri yoyote ya Simiyu.

Tahadhari moja isemwe kwa nguvu. Nafasi za jeshi haziuzwi. Kila msimu wa usajili wapo wanaopita vijijini, au kupiga simu wakijiita maofisa, wakiomba pesa "za kumweka kijana kwenye orodha". Familia huuza ng'ombe na pamba ya msimu mzima, na kijana hapati chochote. Jeshi lenyewe hutangaza hadharani sifa, umri na utaratibu wa kuomba, na masharti hayo husomwa upya kila tangazo linapotoka. Anayeombwa pesa atoe taarifa polisi au TAKUKURU, akiwa ameitunza namba ya simu na ujumbe aliotumiwa.

Swali la utaratibu lipelekwe kwa Mshauri wa Mgambo wa wilaya, ambaye ni ofisa wa jeshi na hupatikana kupitia ofisi ya Mkuu wa Wilaya. Wakati wa kusubiri tangazo, kijana akamilishe nyaraka zake: cheti cha kuzaliwa, kitambulisho au namba ya NIDA, vyeti halisi vya shule na vya fani. Majina yasomeke sawasawa katika vyeti vyote. Yakitofautiana hata herufi moja, aanze kuyarekebisha RITA na NIDA sasa, kwa kuwa marekebisho hayo huchukua muda mrefu kuliko dirisha la maombi.