Darubini: Jinsi Mwanga wa Nyota Unavyovunwa

Wakulima wa pwani yetu walikuwa wakipima msimu wa kulima kwa kutazama Kilimia, kundi la nyota, kinavyozama na kuzuka. Mtu mwenye macho mazuri akikitazama usiku wa giza huhesabu nyota sita, pengine saba. Lakini kundi hilo lina nyota zaidi ya 1,000. Nyingine zote zipo palepale na mwanga wake unatufikia. Ni mboni ya jicho, ambayo hata gizani haifunguki zaidi ya milimita 7 hivi, isiyopokea mwanga wa kutosha kuziona.

Wengi hudhani darubini kazi yake ni kukuza vitu. Kukuza ni kazi ya pili. Fikiria mvua inayonyesha uani: kikombe ulichokiacha nje hupata maji kidogo, ilhali tangi linalolishwa na paa zima la bati hufurika, na mvua ni ileile. Darubini ni paa la kuvuna mwanga. Picha ikikuzwa bila mwanga wa kutosha, unachopata ni ukungu mkubwa zaidi.

Paa la vioo 91

Darubini za mwanzo zilitumia lenzi. Lenzi ina tatizo: hushikwa kwa ukingo tu, hivyo ikiwa kubwa mno hulemewa na uzito wake na kupinda. Ile kubwa kuliko zote iliyowahi kutumika katika utafiti, ya Yerkes nchini Marekani, ina upana wa mita 1 tu, nayo ni ya mwaka 1897. Kioo kilichobonyea kama bakuli, kwa upande wake, unaweza kukiegemeza mgongo mzima, na unaweza kukiunga vipande vipande.

Hivyo ndivyo ilivyojengwa SALT, darubini iliyozinduliwa Novemba 2005 karibu na mji wa Sutherland, kwenye nyanda kavu za Karoo, Afrika Kusini. Ina vioo 91 vya pembesita, kila kimoja na upana wa takriban mita 1, vilivyopangwa kama sega la asali kufanya kioo kimoja cha mita 11 kwa 10 hivi. Hukusanya mwanga zaidi ya mara milioni moja ya ule unaoingia kwenye jicho lako.

Uhodari wa wahandisi wake hauko kwenye ukubwa pekee. Vioo vyote 91 vina mbonyeo mmoja, hivyo ilikuwa rahisi kuvitengeneza. Tena kioo kizima kimeinamishwa kwa pembe moja isiyobadilika. Wakati wa kutazama, kioo hutulia tuli. Kinachosogea ni chombo kilichoning'inizwa juu yake, ambacho hufuata taswira ya nyota kadiri dunia inavyozunguka. Gharama iliyookolewa ni kubwa sana. Hasara yake ni kwamba SALT haiwezi kuelekea popote saa yoyote: lazima ingoje nyota ipite mbele yake. Tunaona huo ni uamuzi wa busara, kwa sababu anga huzunguka na nyota nyingi hupita zenyewe.

Usitarajie kumkuta mtafiti ameinama akichungulia. Mtafiti huandika ombi akieleza anachotaka kupima na sababu yake; wataalamu huchuja maombi; kisha waendeshaji walioko Sutherland hufanya kazi hiyo usiku unaofaa na kumtumia takwimu. Mara nyingi anachotaka si picha, bali mwanga wa nyota uliotawanywa kama upinde wa mvua. Mistari myeusi inayokatiza rangi hizo hufichua kama kuna haidrojeni au kalisi, na kama nyota inatukaribia au inatukimbia. Agosti 2017 zilipoonekana nyota mbili za nyutroni zikigongana katika galaksi iliyo mbali nasi kwa takriban miaka milioni 130 ya mwanga, SALT ilikuwa miongoni mwa darubini za kwanza kuuchambua hivyo mwanga wa tukio lile.

Uhuru, kutoka Malindi

Si kila mwanga huonekana kwa macho. Eksirei kutoka angani hunyonywa na angahewa kabla hazijafika ardhini, jambo linalolinda miili yetu lakini linalomlazimu mtafiti kupeleka chombo chake juu.

Setilaiti ya kwanza iliyotengwa kwa kazi ya kupima eksirei hizo ilirushwa kutoka San Marco, jukwaa la Waitaliano lililosimikwa baharini karibu na Malindi, tarehe 12 Desemba 1970. Kenya ilikuwa ikiadhimisha miaka saba ya kujitawala, na setilaiti hiyo ya Marekani ikapewa jina Uhuru. Malindi haikuchaguliwa kwa bahati. Karibu na ikweta roketi hupata msukumo mkubwa zaidi wa mzunguko wa dunia, na njia inayofuata ikweta huepuka eneo la Atlantiki ya kusini lenye chembe nyingi zinazovuruga vipimo.

Uhuru haikuwa na kioo. Ilikuwa na masanduku ya gesi yenye kuhesabu eksirei moja moja, yaliyowekewa vizuizi vya metali ili yaone upande mmoja tu, kama mtu anayechungulia kupitia bomba. Ilijizungusha polepole, ikifagia anga. Hadi ilipokoma mwaka 1973 ilikuwa imekusanya vipimo vilivyozaa orodha ya vyanzo 339, kikiwemo Cygnus X-1, ambacho leo kinajulikana kuwa na shimo jeusi. Riccardo Giacconi, aliyeongoza utafiti huo, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2002.

Mawimbi ya redio, kinyume chake, hupenya angahewa bila shida. Adui yake ni simu na mitambo yetu. Ndiyo maana masahani 64 ya darubini ya redio ya MeerKAT yamewekwa sehemu ya Karoo yenye watu wachache na inayolindwa kisheria dhidi ya kelele za redio.

Ukitaka kuanza

Darubini ya kushika mkononi, ya macho mawili, yatosha. Kamwe usiielekeze kwenye jua. Itakupofusha papo hapo. Itafute sayari ya Mshtarii, iegemeze darubini ukutani isitikisike, na utaona nukta ndogo kando yake, hadi nne, zilizojipanga mstari mmoja. Ni miezi yake, aliyoiona Galileo Januari 1610. Zichore kwenye daftari, uandike tarehe na saa. Kesho yake chora tena: zitakuwa zimehama.