Somo: Mgeni wa Siku Moja na Watoto Wetu

Somo la toleo hili ni kwa walimu wa Shule ya Jumapili, vijana na wazazi. Lisomeni katika vikundi vyenu, kisha mjibu maswali yaliyo mwishoni.

Shabaha ya somo: Kutambua jinsi siku moja ya kujitolea kwenye mradi wa watoto inavyoweza kuwajenga watoto, na jinsi inavyoweza kuwaumiza.

1. Siku yenyewe ilivyo

Wote tunaifahamu siku hiyo. Wageni kutoka Ulaya au Marekani wametangazwa tangu Jumapili. Watoto wameogeshwa na kupangwa mstari. Gari linafika saa nne asubuhi, nyimbo zinaimbwa, mpira unachezwa, biskuti na kalamu zinagawiwa, picha zinapigwa. Saa kumi gari linaondoka, na wale wadogo wanalia wakilikimbilia.

Wageni hao wengi wana moyo mwema. Wamelipa nauli yao na kuacha kazi zao. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwa hiyo hatuwafundishi watu kuwafukuza wageni. Tunauliza jambo moja tu: baada ya gari kuondoka, mtoto amebaki na nini?

Swali hili linatuhusu hata sisi. Vijana wetu nao wanakwenda kusaidia kwenye miradi ya watoto. Na ndugu zetu waliopelekwa Marekani, Kanada na Australia wanaporudi kutusalimia, nao ni wageni wa siku moja.

2. Mtoto anayemkimbilia kila mtu

Mgeni akifika kwenye kituo cha yatima na mtoto asiyemjua akamrukia na kumkumbatia, husema, "Tazama anavyonipenda!" Lakini mama yeyote anajua kwamba mtoto mdogo mwenye mtu wake humwonea mgeni haya kwanza. Hujificha nyuma ya kitenge cha mama, akachungulia, ndipo akasogea. Mtoto mdogo anayemrukia kila mgeni mara nyingi ni mtoto aliyekosa mtu mmoja wa kudumu.

Jambo hili limechunguzwa. Kuanzia mwaka 2000, wataalamu walifuatilia watoto wadogo 136 waliokuwa wakilelewa katika vituo vya mji wa Bucharest, nchini Romania. Kwa kura, nusu yao walipelekwa kulelewa katika familia, na nusu wakaendelea na malezi ya kawaida ya vituo. Waliopata familia walikua vizuri zaidi kwa akili na kwa kushikamana na watu, hasa wale waliopelekwa kabla ya kutimiza miaka miwili. Vituoni kulikuwa na chakula na vitanda. Kilichopungua ni mtu yule yule, leo na kesho.

Basi fikiri juu ya kituo kinachopokea wageni wapya kila wiki. Mtoto anazoea, anaachwa, anazoea tena, anaachwa tena. Kwa mtoto ambaye tayari alitenganishwa na watu wake na vita, hili si jambo dogo.

3. Wageni wanapovuta watoto kutoka nyumbani

Tujifunze kutoka Kambodia. Kati ya mwaka 2005 na 2010, wakati vita vya nchi hiyo vilikuwa vimekwisha, vituo vya watoto viliongezeka kwa asilimia 75. Wengi wa watoto waliokuwa humo, karibu watatu kati ya kila wanne, walikuwa na mzazi aliye hai. Watalii walitaka kuona yatima na kuwasaidia, na fedha zao zikavifanya vituo vizidi. Wazazi maskini walipoambiwa kwamba huko kuna shule na chakula, waliwatoa watoto wao.

Ndiyo maana mwaka 2019 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilionya juu ya safari za kujitolea katika vituo vya yatima. Hapa karibu nasi, Rwanda ilianza mwaka 2012 mpango wa kuwarudisha katika familia watoto zaidi ya 3,000 waliokuwa vituoni. Kenya ilisimamisha kuandikisha vituo vipya mwaka 2017.

Someni Yakobo 1:27. Angalieni kwamba yatima na wajane wametajwa pamoja. Anayetaka kumsaidia mtoto asimpite mama yake mlangoni.

4. Siku iliyo njema

Je, siku moja haina faida? Inayo, ikiwa mgeni atakuja kumsaidia yule atakayekuwapo kesho. Mtoto ana mwalimu wake, ana mama, ana bibi anayemlea. Hao wakitiwa nguvu, mtoto atafaidika hata baada ya mgeni kusahauliwa. Wahenga walisema pia, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mgeni wa siku moja apewe jembe asubuhi ile ile.

Mifano ya jembe hilo:
- Kutengeneza madawati, choo, au paa linalovuja.
- Kuketi na walimu na kuwaonyesha ufundi anaoujua yeye, ili wao ndio wawafundishe watoto.
- Kama ni muuguzi, kuzungumza na wazazi wa watoto juu ya kuhara na malaria.
- Kucheza na watoto wote pamoja, mwalimu wao akiwapo na akiongoza mchezo.

Na haya yasifanyike: mgeni asibaki peke yake na mtoto, wala asimtembeze mtoto mbali na wenzake. Asiahidi kurudi kama hana hakika. Zawadi zisirushwe kwa watoto wakazigombania. Apewe mwalimu au wazazi, wazigawe wao wenyewe, ili mtoto aone kwamba mkono unaomlisha ni wa kwao.

5. Habari ya picha

Kwa wakimbizi, hili ni zito kuliko watu wanavyodhani. Baadhi ya familia zilizoko hapa zilikimbia watu wanaowajua kwa majina. Picha ya mtoto ikiwekwa kwenye intaneti pamoja na jina lake, kijiji chake na habari ya jinsi baba yake alivyouawa, inaweza kusomwa na mtu yeyote, hata yule aliyekimbiwa. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 unalinda siri ya maisha ya mtoto na familia yake. Kwa hiyo mgeni amwombe mzazi ruhusa kwanza, na mzazi ana haki ya kukataa bila kuogopa kwamba atanyimwa msaada. Viongozi wa mradi wawaambie wageni mapema, kabla hawajashuka garini.

6. Neno kwa wazazi

Wakati mwingine mtu hufika na kusema, "Nipe mtoto nimpeleke kwenye kituo mjini, atasoma bure." Wewe huna karo, mvua imeharibu shamba, na posho imepunguzwa. Usijibu siku hiyo. Uliza: Kituo kimeandikishwa na serikali? Nitamwona mwanangu lini? Nani analala naye? Kwa nini karo hiyo isilipwe akiwa nyumbani? Kisha peleka habari kwa viongozi wa kijiji na kwa ofisi inayoshughulikia ulinzi wa watoto hapa makazini. Miongozo ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2009 inasema wazi kwamba umaskini peke yake usiwe sababu ya kumtoa mtoto katika familia. Unapaswa kuwa sababu ya kuisaidia familia.

Maswali ya kujadiliana

1. Wageni wa mwisho walipoondoka, ni kitu gani walichokiacha ambacho bado kinawasaidia watoto?
2. Nani katika mradi wetu anamjua kila mtoto kwa jina? Tumemsaidia mtu huyo namna gani mwaka huu?
3. Mgeni akitaka kumpiga picha mtoto wa jirani ambaye mama yake yuko shambani, utafanya nini?
4. Andikeni sheria tano za kuwasomea wageni. Mpeni mwenyekiti wa mradi kabla ya ziara ijayo.