Mwenye kisukari asikimbilie kisu

Hivi karibuni, baada ya darsa ya Alasiri hapa Chukwani, bwana mmoja alinivuta pembeni. "Maalim," alianza, kisha akanyamaza. Kumbe ana kisukari cha miaka mingi, nguvu za kiume zimemwishia, vidonge havimsaidii tena, na anataka kwenda India kuwekewe kifaa kwa upasuaji. Aliuliza kama inajuzu.

Nilimwambia kuwa mume kutafuta tiba ni halali, wala asione haya. Ummu Sulaym (r.a.) alimuuliza Mtume (s.a.w.) mambo ya janaba waziwazi. Nami nikamuuliza: "Sukari yako ikoje?" Hakujua. Ana miezi hajapima!

Hapo ndipo penye tatizo, ndugu msomaji. Kifaa chenyewe ni mirija miwili inayotiwa ndani ya dhakari. Kile cha kujazwa maji kwa pampu ndogo, inayofichwa kwenye korodani, kilitangazwa na madaktari wa Marekani mwaka 1973. Ni kitu kigeni mwilini. Vijidudu vikikaa juu yake hujijengea utando, na dawa haipenyi vizuri. Tena sukari ikiwa juu, chembe nyeupe za damu hupigana kwa udhaifu na kidonda huchelewa kupona. Mara nyingi kifaa kilichoambukizwa hakina dawa ila kutolewa. Kovu linalobaki hufanya upasuaji mwingine kuwa mgumu, na dhakari huweza kufupika. Aliyekwenda kutafuta afueni anarudi na hasara mbili.

Tangu 2001 viko vifaa vilivyotiwa antibaiotiki, na maambukizo yamepungua. Lakini utafiti wa wanaume 902 uliochapishwa 2018 ulikuta hatari inapanda kipimo cha sukari cha miezi mitatu kikizidi asilimia 8.5. Si madaktari wote wanaokubali kikomo hicho, ila sijasikia daktari anayesema sukari iachwe ipande. (Wauza dawa za nguvu mitaani hawaulizi hata hilo.)

Na aliyekwisha kupasuliwa akiona maumivu yanazidi, wekundu, usaha au homa, arudi hospitali siku hiyo hiyo, asingoje Ijumaa ipite.

Yule bwana alipima. Kipimo kilisoma 11. Safari ameiahirisha, na daktari amemtaka arudi kupima tena baada ya miezi mitatu. Juzi nilimkuta anatembea kwa miguu kuja Alfajiri, gari kaliacha nyumbani.