Hasira ya Mwanamume Mkatoliki: Kati ya Kliniki na Kitubio

Baba wa familia anafika kliniki kwa ajili ya shinikizo la damu. Dawa anazimeza kama alivyoelekezwa, lakini vipimo havishuki. Mkewe, aliyemsindikiza, anaeleza kwa sauti ya chini kwamba watoto hukimbilia chumbani wasikiapo pikipiki ya baba ikiingia uani. Baba huyo hakosi Misa ya Dominika, tena ni kiongozi wa jumuiya ndogondogo mtaani. Kila anapolipuka huenda kuungama, hupata amani kwa siku chache, kisha hurudia yale yale. Wagonjwa wa namna hii si wachache, na swali lao ni moja: je, hasira ni dhambi ya kuungamwa au ni ugonjwa wa kutibiwa?

Hasira yenyewe si ugonjwa. Ni mwitikio wa mwili kwa tishio au dhuluma. Sehemu ya ndani ya ubongo iitwayo amigdala hutoa tahadhari, adrenalini humwagika katika damu, moyo hupiga mbio na shinikizo la damu hupanda. Madhara huja pale hali hiyo inapozidi au kujirudia mno. Tathmini ya tafiti iliyochapishwa mwaka 2014 ilionesha kwamba, katika saa 2 zinazofuata mlipuko wa hasira, uwezekano wa mshtuko wa moyo huongezeka karibu mara 5. Kwa mtu mwenye afya njema anayekasirika kwa nadra, hatari hiyo hubaki ndogo. Kwa mwenye shinikizo la damu anayelipuka kila siku, hujilimbikiza.

Wala hasira yenyewe si dhambi. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, iliyotangazwa mwaka 1992, inafundisha kwamba hisia za moyo, kwa zenyewe, si njema wala mbaya. Wema au ubaya wake hutegemea namna akili na utashi vinavyozielekeza. Kanisa huitaja hasira miongoni mwa vichwa saba vya dhambi kwa sababu inaweza kugeuka tamaa ya kisasi. Injili ya Marko, sura ya 3, inasimulia jinsi Yesu alivyowatazama kwa hasira watu wenye mioyo migumu, kisha akamponya mtu mwenye mkono uliopooza. Hasira yake iliishia katika uponyaji, haikuishia katika kipigo.

Wanaume wengi huangukia moja ya makosa mawili. Wa kwanza huimeza hasira akidhani kunyamaza ndiko upole, huku akiendelea kuitafuna kinyongo usiku kucha. Wa pili huimwaga yote, kwa kupiga kelele au kugonga meza, akiamini kwamba atapoa. Uchambuzi wa tafiti 154, uliochapishwa mwaka 2024, ulionesha kwamba kinachopunguza hasira ni kuutuliza mwili: kupumua taratibu, kulegeza misuli, kutafakari. Mambo yanayouchochea mwili zaidi, hata kukimbia, hayakuonekana kuipunguza kwa uhakika.

Tiba basi huanza kabla ya mlipuko. Kwa wiki mbili, mgonjwa aandike kila jioni: ni nini kilimkasirisha, saa ngapi, alikuwa amelala na kula vipi, alikunywa pombe au la, na wazo gani lilimjia kwanza. Mkatoliki aliyezoea kuchunguza dhamiri kabla ya kulala ataliona zoezi hili si geni. Mara nyingi daftari hufichua wazo moja linalojirudia, kwa mfano, “wananidharau.” Wazo hilo lipimwe: je, mtoto aliyechelewa kurudi na maji alikusudia dharau?

Hasira inapopanda, aseme wazi kwamba anatoka kidogo na atarudi kuzungumza. Mwili huhitaji muda kutulia, mara nyingi dakika 20 au zaidi. Hapo apumue taratibu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2001, uliohusisha watu wazima 23, ulionesha kwamba kusali rozari kwa Kilatini kulipunguza kasi ya upumuaji hadi karibu mara 6 kwa dakika. Sala haibadilishwi kuwa dawa kwa hilo. Lakini anayesali taratibu anausaidia pia mwili wake.

Baada ya hapo arudi, kama alivyoahidi. Mtume Paulo, katika Waefeso 4:26, anawaonya waamini wasiliache jua lichwe wangali na uchungu. Kuomba radhi kwa mke na watoto hakuondoi heshima ya baba. Kitubio nacho hudai nia ya kujirekebisha na kulipa madhara yaliyotendeka. Kuungama bila kubadili mwenendo wa nyumbani ni kuiacha kazi katikati.

Mhudumu wa afya asiridhike na jibu kwamba “ni tabia yake.” Achunguze pombe, kukosa usingizi, maumivu sugu, jeraha la kichwa, tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi, na sukari kushuka kwa anayetumia insulini. Sonona kwa wanaume huweza kujitokeza kama ukali badala ya huzuni. Aidha, azungumze na mke faraghani na kumuuliza kama yuko salama. Palipo na kipigo, wanandoa wasiketishwe pamoja kwa usuluhishi wa haraka. Nchini Tanzania, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 66, haimpi yeyote haki ya kumpiga mwenzi wake. Dawati la Jinsia na Watoto lipo polisi kwa ajili hiyo. Imani haimtaki mke avumilie kipigo.

Maendeleo ya mgonjwa hayapimwi kwa kutokasirika tena, kwani hilo haliwezekani. Hupimwa kwa milipuko kupungua, kwa muda mfupi wa kutulia, na kwa ushuhuda wa wanaoishi naye. Katika kila hudhurio, pamoja na kupima shinikizo la damu, iulizwe pia: watoto wanafanya nini siku hizi wasikiapo pikipiki ya baba?