Mawe na Majivu Yarushwayo na Mlima wa Moto

Ewe mkulima wa Butembo na wa Beni, wazee wako walikula chumvi ya Katwe, iliyotoka ng'ambo ya ziwa Edward, katika Uganda. Je, wajua shimo lile la chumvi lilichimbwa na nini? Si kwa majembe. Zamani sana moto wa chini ya nchi ulikutana na maji, nchi ikapasuka, mawe yakarushwa juu. Kingo za shimo ni majivu yaliyogandamana, na ndani yake vimo vipande vya mawe ya kale vilivyong'olewa chini. Vingine vyametameta. Ninyi mnaochuja dhahabu msidanganyike: huo ni ulanga.

Milima yenu wenyewe, na Ruwenzori pia, si ya moto. Ya moto ni Nyamulagira na Nyiragongo, upande wa kusini, kama kilometa 170 kutoka Butembo. Nyamulagira hutapika mara nyingi; mwaka wa 2011 ulirusha mawe hata kilima kipya kikasimama. Mawe mazito huanguka karibu na mdomo wa moto. Changarawe nyeusi, zenye matundu, hufika mbele kidogo. Majivu, mengine madogo kuliko punje ya ulezi, huchukuliwa na upepo mbali sana, nayo ndiyo adui wa mkulima.

Watu husema majivu ni mbolea. Ndiyo, lakini baada ya miaka mingi, yakiisha kuoza yakawa udongo, kama ule mweusi wa Rutshuru. Majivu mapya yana asidi inayounguza majani ya maharagwe. Tena huweza kuwa na sumu iitwayo floridi. Ng'ombe akila nyasi zenye majivu hayo siku nyingi, meno na mifupa yake huharibika. Akila mengi aweza kufa. Basi ukienda kununua ng'ombe huko, mfungue kinywa kwanza.

Ukiwa na shamba au ndugu upande ule, fanya hivi mlima ukianza kutapika. Ondoa mfereji wa bati usiingize maji katika pipa, ukafunike kisima. Kuchemsha maji hakuondoi floridi. Sombe ioshwe mara nyingi. Ng'ombe wafungwe, wapewe majani yaliyokatwa mahali pasipo majivu. Paa lifagiliwe kabla ya mvua, kwa maana majivu yakilowa huwa mazito, hata nyumba huanguka. Naye afagiaye ajifunge kitambaa puani.